Pai ya Babu na Baridi ya Mwezi wa Saba

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilipanda tena Lushoto. Kama umewahi kupita njia ile kutoka Mombo, unajua inavyokuwa. Chini umevua koti na jasho linakutiririka, halafu basi linaanza kujipinda na mlima, na kabla hujafika Soni abiria wa kiti cha mbele anafunga dirisha bila kumuuliza mtu. Mjini niliingia mgahawa mmoja karibu na soko kutafuta chai ya moto. Kwenye kabati la vioo, katikati ya sambusa na maandazi, nikaona pai ya chokoleti.

"Shikamoo, mama," binti aliyekuwa akihudumia alinisalimia, kisha akaona macho yangu yalipo. "Hiyo ni tamu sana. Anayeitengeneza alisomea Dar."

Nikaagiza kipande. Nilikula taratibu, na nilipofika katikati nikaanza kucheka peke yangu, mpaka binti wa watu akaja kuuliza kama kuna kitu kimeingia kwenye chakula. Sikujua nimweleze nini. Wewe nitakueleza, maana hadithi yenyewe ni ndefu na inataka mtu aliyetulia.

Nililelewa na babu na bibi, katika kijiji kilicho juu ya Kwai, kule ambako viazi na kabichi hupandwa kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anaogopa kusimama. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, miti minne ya matunda damu nyuma ya nyumba, na jiko la nje lenye kuta nyeusi tii kwa moshi. Kazi zangu zilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, na kuosha vyombo kwa majivu. Mwezi wa saba kazi hiyo ya mwisho ilikuwa adhabu. Maji yalikuwa yanauma vidole kana kwamba yameota meno. Asubuhi ukungu uliingia mpaka uani, ukawa unamsikia kuku bila kumwona.

Babu alikuwa amestaafu upishi. Kwa miaka thelathini alipika kwenye nyumba ya wageni ya misheni moja, mbali na kwetu, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Aliporudi moja kwa moja alikuja na aproni nyeupe, trei mbili za bati za kuokea, kisu kirefu, na chombo cha waya cha kupigia mayai. Aproni aliitundika kwenye msumari chumbani. Hakuivaa hata siku moja. Kwetu, zama zile, mwanamume aliweza kupika kwa mshahara na akaheshimika, lakini akionekana jikoni kwake watu waliuliza kama mkewe anaumwa. Basi mtu aliyewahi kulisha maaskofu alikaa kwenye kiti chake mlangoni akisubiri aletewe makande.

Alichobakiwa nacho ni maneno. Jioni, tukiota moto, alitusimulia vyakula. Supu ya vitunguu. Mikate iliyosukwa kama nywele. Na juu ya vyote, pai ya chokoleti ya matabaka matatu. Alituonyesha kwa vidole: hapa chini ganda linalovunjika kama jani kavu, juu yake chokoleti laini, kisha krimu nyeupe kama ukungu wa bondeni, kisha chokoleti nyeusi inayong'aa mpaka unajiona uso. Jirani yetu wa upande wa juu, mzee aliyependa kuja kunywa kahawa kwetu, alikuwa na jibu moja kila mara.

"Pai yako hiyo inaishia mdomoni, mzee mwenzangu. Haijawahi kushuka tumboni mwa mtu."

Watu walicheka, babu naye akacheka. Bibi hakuwa anacheka. Niliona hilo, ila utotoni unaona mengi bila kuyaelewa.

Jioni moja bibi alikuwa anapukuchua maharage, babu amefika kwenye ile krimu nyeupe kama ukungu, jirani ameshaaga. Bibi akasema bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama ng'ombe amekamuliwa:

"Umewapikia wageni miaka thelathini, mzee. Mimi mkeo sijawahi kuonja hata chumvi ya mkono wako."

Babu alisukuma kuni motoni, kisha akaniambia niingie ndani, baridi imezidi. Haikuwa imezidi.

Mwezi ule ule mchungaji alitangaza kanisani kwamba babu na bibi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na kwamba itafanyika ibada ya shukrani. Shangazi yangu, dada yake baba, alipanda kutoka Tanga kuja kupanga sherehe. Alikuwa mwanamke wa mjini, mwepesi wa mikono na wa maneno, anayewapenda wazazi wake kwa kuwaamrisha. Alipanga mbuzi, akapanga pilau, akapanga kwaya. Alipofika kwenye keki, babu akakohoa.

"Keki usihangaike. Nitatengeneza pai. Mimi mwenyewe."

"Baba, jamani!" Shangazi aliweka kikombe chini. "Siku ya ndoa yako uingie jikoni? Watu watasema watoto tumeshindwa hata keki. Tafadhali, usituaibishe."

Babu akamgeukia bibi. Nadhani alitaka msaada, au ruhusa. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Jiko lina mlango," alisema. "Askari halina."

Jumamosi iliyofuata babu alitoa aproni kwenye msumari, akaipiga vumbi, akaivaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na aliniita kwa utani wake wa siku zote: "Njoo, mke mdogo, leo utajua kwa nini maaskofu walikuwa wananisalimia wa kwanza." Tukaingia jikoni. Bibi akaondoka kwenda shamba, bila kutazama nyuma.

Nisikufiche, tulishindwa vibaya. Misheni kulikuwa na oveni na friji. Kwetu kulikuwa na mafiga matatu. Babu aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, akapandisha trei juu yake, akafunika kwa bati na kumwaga makaa juu ya bati. Akili ilikuwa nzuri, ila moto wa chini ulikuwa mkali kupita kiasi, ganda likaungua chini na kubaki bichi juu. Chokoleti tuliimimina ingali ya moto, na jiko lenyewe lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Tulisubiri igande mpaka jua likatua. Babu alipokata, kilichotoka kilikuwa uji. Uji mtamu, sikatai, lakini ulitiririka mezani ukadondoka kwenye kiatu chake.

Jirani alitokea wakati huo huo, kama aliyeitwa na harufu. Alisimama mlangoni, akatazama aproni, akatazama kiatu.

"Hiyo sasa tunakula kwa kijiko au tunakunywa kwa kikombe?"

Kesho yake baada ya ibada, kanisa zima lilikuwa limeshasikia. Vijana walijipitisha mbele ya babu wakiuliza bei ya aproni. Shangazi alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba keki italetwa kutoka Tanga na mambo yaishe. Babu alirudisha aproni kwenye msumari. Siku tatu hakusimulia chakula chochote.

Siku ya nne asubuhi bibi alinituma ghalani nikachukue sufuria ya uji uliobaki, niwape kuku. Ghala letu lilikuwa upande usiopata jua, na sufuria ilikuwa imelala dirishani. Niliipindua, uji ukagoma kumwagika. Niliipiga tako, ukatoka mzima, umesimama kwenye majani kama tofali. Nilikaa nikiutazama. Halafu nikaubeba kwa mikono miwili, nikimwacha jogoo ananifuata kwa hasira, mpaka kwenye kiti cha babu.

Aliubonyeza kwa kidole. Haukutikisika.

"Huu ulikuwa wapi?"

"Dirishani, babu. Ghalani."

Alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Alikwenda ghalani, akaweka kiganja kwenye ukuta wa mawe, akaweka kwenye kizingiti cha dirisha, akachungulia nje kwenye ukungu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Nimekaa hapa naililia friji ya misheni," alisema, "kumbe Mungu amekipa friji kijiji kizima!"

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana babu alivaa aproni mara ya pili, na safari hii hakufanya utani. Alipima makaa kwa mkono: machache chini, mengi juu ya bati. Alipekecha siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, akasema viganja vina joto la hasira, vitaharibu ganda. Siagi ilikuwa ya ng'ombe wetu. Asubuhi bibi alikuwa amekaa barazani akitikisa kibuyu cha maziwa mapema kuliko kawaida yake, na zaidi ya kawaida yake, na hakusema ni ya nini. Aliiacha tu mlangoni kwa jiko, ndani ya bakuli, imefunikwa jani la mgomba.

Ganda lilipokaa kwenye trei, babu alilitandazia karatasi juu, kisha akamimina maharage makavu yakajaa. Hapo bibi, aliyekuwa akipita na ndoo kwa mara ya nne bila kazi ya ndoo, hakuweza kuvumilia.

"Mzee! Maharage na chokoleti?"

"Ni uzito tu, mama, ili ganda lisivimbe. Nitayatoa."

"Haya." Akasogea, akachungulia. "Na hayo maharage yangu nitayapika baadaye?"

"Utayapika."

"Haya," akasema tena, na hakuondoka. Alivuta kigoda chake, akakaa kando ya mlango, ndoo mapajani. Alikaa pale mpaka mwisho.

Saa kumi tulipika chokoleti ya chini: maziwa, sukari, kakao ya kopo, viini vya mayai, na unga laini wa mahindi ule wa boksi. Nilikoroga mimi. "Upande mmoja tu," babu aliniambia, "ukigeuza mkono unaichanganya akili." Ilipokuwa nzito kiasi cha kushika mgongo wa mwiko, hakuimimina. Aliipeleka nje, akaisimamisha kwenye beseni la maji ya mto, akaikoroga mpaka ikapoa, ndipo akaitandaza kwenye ganda na kuipeleka ghalani. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mikaratusi, ilikuwa imeshika. Tukapiga krimu kwa zamu, mimi na yeye, mkono mmoja ukichoka tunabadilishana. Nilidhani bega langu linang'oka. Halafu nikahisi chombo kimechukuliwa mkononi mwangu. Ni bibi. Alipiga krimu ile kama mtu anayedai kitu, mpaka ikasimama vilima vilima.

"Inatosha, mama, itageuka siagi!" babu alipiga kelele.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimewahi kuwaona wawili hao wakifanya kazi moja.

Tabaka la mwisho, chokoleti ya vipande iliyoyeyushwa juu ya mvuke, lilimiminwa kabla giza halijaingia. Trei mbili zilikwenda dirishani ghalani, zimefunikwa kwa nyungo na mawe juu ya nyungo. Babu alisali. Nilimsikia. Hakuombea ndoa, aliombea baridi.

Alfajiri tulipokwenda kutazama tulimkuta bibi ametutangulia. Amesimama mbele ya mlango wa ghala, kanga imepanda mpaka masikioni, pumzi inamtoka kama moshi.

"Nilikuwa nafukuza paka tu," alisema.

Babu aliondoa jiwe, akainua ungo. Pai ilikuwa inang'aa. Aliinamisha trei kidogo upande huu, akainamisha upande ule. Hakuna kilichosogea. Alivua kofia yake ya sufi, akaishika kifuani, akabaki hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa na kila kitu. Kwaya iliimba mpaka mchungaji akatazama saa. Uani kwetu watu walijaa kwenye mabenchi ya shule, masufuria ya pilau yakatoa mvuke kwenye baridi, mbuzi akachomwa kwa kuni za miwati. Keki ya shangazi nayo ilifika salama kutoka Tanga, ndefu, nyeupe, ina maua ya sukari na njiwa wawili juu. Ilikuwa nzuri, siwezi kuisema vibaya. Watu walipiga makofi ilipofunuliwa. Pai za babu zilikuwa kwenye meza ndogo ya pembeni, zimefunikwa, na niliona jirani akiwanong'oneza wenzake huku akionyesha kwa kidevu.

Mwalimu wangu wa darasa ndiye alikuwa mshereheshaji. Akawaita maharusi wetu wa miaka hamsini walishane keki. Shangazi akakata kipande, akampa babu, babu akakipeleka mdomoni kwa bibi.

Bibi alifunga mdomo.

Mwalimu alicheka kidogo, akasema kwenye kipaza sauti, "Mama ana aibu." Bibi akamgeukia.

"Mwalimu, aibu niliimaliza zamani. Mimi nangoja ya mume wangu."

Babu aliweka kipande cha keki chini. Alitembea mpaka kwenye meza ya pembeni, akaondoa ungo, akafungua kifurushi alichokuwa amekikumbatia tangu kanisani, akatoa aproni. Akaivaa juu ya suti yake. Mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya wale vijana wa kuuliza bei. Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, kicheko kikafa chenyewe. Nilimpelekea maji ya moto kwenye jagi. Alichovya kisu kirefu, akakifuta, akakata. Akachovya, akakata tena. Kisha akaingiza kisu chini na kuinua kipande hewani, juu, ili bibi akione kutoka pale alipokaa.

Kilisimama. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, mistari imenyooka kama matuta ya shamba jipya, na ganda la dhahabu chini. Nilisikia sauti ya watu wengi wakivuta pumzi pamoja.

Alimlisha kwa mkono wake. Bibi alitafuna polepole. Alifumba macho, akameza, akakaa kidogo. Babu alikuwa ameinama mbele yake, mkono bado uko hewani, mzee wa miaka sabini na kitu, anasubiri kama mtoto aliyepeleka daftari kusahihishwa.

"Hongea," bibi alisema. Kwa Kishambaa ni asante, lakini namna alivyolisema lilikuwa refu kuliko neno. Halafu akaongeza kwa sauti, kila mtu asikie: "Nimeonja. Sasa hesabu ya miaka thelathini imekwisha. Nipe kingine."

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza. Nadhani ni shangazi, maana nilipomtazama alikuwa analia na kupiga kigelegele kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi. Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Watu wakasimama wakaizunguka meza ndogo, na keki ya njiwa ikabaki inatazamana na benchi tupu kwa muda. Katikati ya msukumano nilimwona jirani yetu, amenyoosha sahani yake kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti. Babu alimkatia kipande kikubwa.

"Imeshuka tumboni, mzee mwenzangu?"

Jirani alikuwa na mdomo uliojaa. Aliinua kidole, kuomba asubiriwe, akameza, kisha akanyoosha sahani tena.

Baada ya siku ile jiko letu halikuwa la mtu mmoja tena. Jumamosi babu alipika, bibi akakaa kwenye kigoda akikosoa chumvi. Kina mama walituma mabinti zao waje kujifunza, na mke wa jirani akamtuma mumewe. Alikuja kweli, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, akapika maandazi magumu ambayo tuliyala yote kwa heshima.

Sasa wazee wote watatu wamelala kwenye makaburi ya kanisa. Jiko lile la moshi halipo, pamejengwa nyumba ya tofali za kuchoma yenye umeme na kila kitu. Ng'ombe wa mwisho aliuzwa, na kibuyu cha maziwa sijui kilikwenda na nani. Hata baridi haiko vile, au labda ni mimi niliyezoea makoti mazuri. Watu wa kule wananiambia uji siku hizi unalala dirishani na kuamka uji. Siku ile hakuna aliyekuwa na kamera, kwa hiyo picha hatuna, hata moja, na wajukuu wa shangazi wakinisikia nasimulia wananitazama kwa jicho lile la kumstahi mtu mzima anayeongeza chumvi.

Siwalaumu. Lakini nilikuwepo, rafiki yangu. Nilibeba jagi la maji ya moto kwa mikono hii, nikaona kipande kikisimama hewani mbele ya kijiji kizima, na nilikula viwili.